Wiki mbili za Januari, yuro 600 na ngome za mto Rhine

Dada mmoja, mwalimu wa sekondari Kigoma mjini, kaniandikia hivi, nafupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Novemba nakwenda Bonn, Ujerumani, kozi ya lugha ya miezi miwili, inaisha katikati ya Januari na ndege yangu ya kurudi ni mwisho wa mwezi huohuo. Hizo wiki mbili nataka nibebe begi langu la mgongoni nizunguke kuona zile ngome na makasri ya zamani, hasa lile la Neuschwanstein. Nitakuwa na yuro 600 tu. Nalala wapi, hizo ngome ziko wazi kweli winta, na baridi yenyewe sisi watu wa ziwani tutaiweza?"

Marahaba mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Tabora na huko Ujiji, na Ujerumani nilikaa nikisomea mambo hayahaya ya utalii, kwa hiyo umeniuliza kitu ninachokipenda na nitaongea sana, nivumilie.

Kwanza Neuschwanstein. Achana nayo. Najua picha yake ndo iko kwenye kila kalenda, lakini hebu sikia: iko Bavaria kusini kabisa, karibu na mpaka wa Austria, na kutoka Bonn kwa treni za bei nafuu unakula zaidi ya saa kumi za kukaa kwenye behewa, ukifika unalipa kiingilio kinachozidi yuro 20, unapitishwa ndani na kundi dakika kama thelathini na tano hivi, basi, umemaliza. Na daraja la Marienbrücke, lile ambalo watu wote wanapigia picha, barafu ikishika linafungwa. Afu sio ngome ya zamani hata kidogo. Mfalme Ludwig wa Pili aliweka jiwe la msingi mwaka 1869, na ndani kuna mfumo wa kupasha joto nyumba nzima na vyoo vya kuvuta maji. Wakati huo wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walikuwa wameshafika Tabora tangu 1857 wakaukuta mji una Waarabu wenye matembe yao na misafara inapita. Yaani mji wetu ni mkubwa kiumri kuliko lile kasri, usije ukaenda kuubeba mshangao bure.

Wewe utakuwa Bonn, na Bonn iko mlangoni kabisa mwa kitu bora zaidi, ni vile tu watu hawaambiwi. Ukipanda mto Rhine kuelekea kusini unafika Koblenz, na kutoka Koblenz mpaka Bingen ni kilomita 65 za bonde jembamba lenye ngome kama arobaini juu ya vilima, nyingine nzima, nyingine magofu, na UNESCO waliliingiza bonde lote kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Reli inapita pande zote mbili za mto, chini kabisa karibu na maji, kwa hiyo hata ukikaa tu dirishani unaona ngome moja baada ya nyingine, na mwezi wa kwanza miti imepukutika majani yote, kwa hiyo kuta na minara inaonekana vizuri kuliko ya mtu aliyekuja Julai na kulipa mara mbili. Meli za watalii hazifanyi safari zake za kawaida winta, usizitegemee. Treni inatosha.

Unajiuliza kwa nini ngome zote hizo sehemu moja? Ushuru. Rhine ilikuwa barabara kuu ya mizigo, mvinyo, nafaka, mbao, kila bwana mwenye kipande cha ukingo alijenga juu ya kilima halafu chini akaweka kituo cha kutoza. Sisi hili tunalijua vizuri tu, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila mtemi aliyekuwa njiani, na mwaka 1871 mtemi Mirambo alipofunga njia ilibidi Stanley azunguke kusini ndipo afike Ujiji kwa Livingstone. Sasa kule Kaub utaona ngome inaitwa Pfalzgrafenstein, imejengwa katikati ya mto penyewe, juu ya mwamba, kuanzia mwaka 1326, kazi yake ilikuwa hiyo tu, na mnyororo ulivutwa majini meli isipite bila kulipa. Ushuru uliendelea kutozwa hapo mpaka karne ya 19. Huna haja ya kuingia ndani, simama ukingoni Kaub uitazame bure. Na ukiwa umesimama hapo na meno yanagongana, kumbuka kwamba usiku wa kuamkia Januari mosi 1814 jeshi la Blücher, jenerali wa Prussia (dola ya Kijerumani ya wakati huo), lilianza kuvuka mto hapohapo likimfukuza Napoleon, kwenye baridi hiyohiyo.

Nyingi utakuta zimebomoka, na hapo usilaumu mvua. Mwaka 1689 majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa yalipita yakilipua ngome moja baada ya nyingine kwa baruti. Rheinfels, pale St. Goar, ilijengwa mwaka 1245 na hao ikawashinda, ila miaka mia moja baadaye Wafaransa wengine, wale wa mapinduzi, waliilipua hiyo nayo, na bado gofu lake ni kubwa kiasi cha kukutisha. Mtu wa Tabora akiona ukuta uliopasuliwa na baruti lazima amkumbuke mtemi Isike, Januari 1893, alipoamua kuilipua ghala yake ya baruti kuliko kukamatwa na Wajerumani. Nyingine utaziona nzima zimenyooka, zinang'aa, usidanganyike, mf. Stolzenfels karibu na Koblenz, ile ilikuwa gofu mpaka mwanamfalme wa Prussia, aliyekuja kuwa mfalme, akaijenga upya miaka ya 1836 hadi 1842 kwa sababu alipenda tu mambo ya kale. Nzuri ndio, ila ni ndoto ya mtu wa karne ya 19.

Kama utalipa kiingilio kimoja tu safari nzima, lipa Marksburg. Iko Braubach, kituo kidogo upande wa kulia wa mto, mwendo mfupi tu kutoka Koblenz, ukishuka unapanda mlima kwa miguu kama nusu saa. Kati ya ngome zote za vilimani kwenye hilo bonde hii ndiyo pekee haijawahi kubomolewa, na inafunguliwa mwaka mzima ukitoa Krismasi, ila winta ziara zinapungua na ya mwisho inaondoka mapema, kwa hiyo uwe umefika kabla ya saa nane mchana. Huingii peke yako, unaingia na mwongozaji, na winta anaongea Kijerumani, poa, si ndo umetoka kukisoma! Utapita kwenye ngazi zilizochongwa kwenye mwamba ili farasi apande, utaona jiko lenye bomba la moshi la kumeza mtu, utaona choo kinachoning'inia nje ya ukuta. Na hapa ndo nasema winta ina faida yake. Ngome nzima ilikuwa na vyumba vichache tu vyenye moto, vilivyobaki ni mawe na upepo, madirisha madogo, giza saa kumi na moja. Ukitembea humo Agosti na fulana huelewi kitu. Ukitembea Januari unaelewa kwa nini kila mtu alikaa jikoni.

Zilizofungwa: Burg Eltz (Burg ni ngome kwa Kijerumani), ile nzuri sana kule kwenye bonde la mto Moselle, inafunga tangu mwanzo wa Novemba mpaka karibu na Aprili, hivyo ifute kwenye orodha. Nyingine nyingi ndogo zinafungua wikendi tu au hazifungui. Kanuni yangu ni rahisi, ngome iliyo katikati ya mji au inayosimamiwa na serikali ina nafasi kubwa ya kuwa wazi, ya mtu binafsi au iliyo porini uangalie tovuti yake siku moja kabla, sio wiki moja kabla, maana barafu ikimwagika usiku njia ya juu inafungwa asubuhi.

Sasa kulala, na hapa ndo utafurahi. Wajerumani wana hosteli za vijana, wanaziita Jugendherberge, na mtandao huu ulizaliwa ndani ya ngome. Mwalimu mwenzako, Richard Schirrmann, alikuwa anatembeza wanafunzi wake porini, akaona hawana pa kulala, mwaka 1909 akapata hilo wazo, na 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu duniani ikafunguliwa ndani ya Burg Altena, huko Westphalia. Vile vyumba vya mwanzo na vitanda vyake vya mbao vimehifadhiwa kama makumbusho, na hosteli bado ipo. Kutoka Bonn ni safari ya asubuhi moja kwa treni kupitia Hagen, usiende Jumatatu maana makumbusho yanafungwa.

Lakini mimi ningekuambia ulale Burg Stahleck, Bacharach. Hii ni ngome ya karne ya 12, ililipuliwa hiyo 1689 niliyosema, ikakaa gofu mpaka karne ya 20 wakaijenga upya makusudi iwe hosteli. Unashuka stesheni na begi lako, unapanda ngazi za mlimani (zinachosha kweli, usiwe na begi la kilo ishirini), unapita getini, na usiku unalala chumba cha watu wanne au sita juu ya mto, kwa bei ya kitanda cha kawaida cha hosteli. Kuna nyingine ndani ya Ehrenbreitstein, ngome kubwa mno ya Waprussia iliyojengwa 1817 mpaka 1828 juu ya Koblenz, ukitoka nje asubuhi unaona pale chini Moselle inapoingia Rhine. Na kama una nguvu ya kwenda mbali, Nuremberg, hosteli iko ndani ya Kaiserburg, kwenye jengo lililokamilika 1495 kama ghala la nafaka, chini walilaza farasi wa mfalme. Nyua za ngome hiyo kuingia ni bure, hela unalipa ukitaka kuona kasri lenyewe na kile kisima chake chenye kina cha kama mita 50.

Bei: kitanda mara nyingi ni kati ya yuro 30 na 45, shuka na chai ya asubuhi vimo. Lazima uwe na kadi ya uanachama, mgeni anaipatia hapohapo mapokezi au mtandaoni. Tahadhari moja, na hii ni kubwa, hosteli nyingi za aina hii zinafunga kipindi cha Krismasi na nyingine zinaendelea kufunga mpaka ndani ya Januari. Kwa hiyo ukiwa bado Bonn mwezi wa 12, waandikie barua pepe, taja tarehe, subiri jibu, ndo upange njia yako kwa kufuata waliokubali. Usipange njia kwanza.

Piga hesabu basi. Siku kumi na nne kila usiku hosteli, hata kwa yuro 35, hiyo ni 490, umeshakwisha. Ndo maana nakushauri usihame kila siku. Ongea na pale unapokaa Bonn, kama ni familia au bweni, wakuongezee chumba mpaka siku ya ndege kwa bei ya kueleweka, utoke asubuhi urudi usiku, halafu usiku minne tu ulale kwenye ngome, miwili Bacharach, mmoja Koblenz, mmoja Altena. Hapo kulala ngomeni, kwa hiyo 35, ni kama 140.

Usafiri ni tiketi moja tu, Deutschlandticket, tangu Januari 2026 ni yuro 63 kwa mwezi, na inakubeba kwenye treni zote za mikoa, tramu na mabasi ya mjini nchi nzima. Zile treni za kasi, ICE na IC, haziingii, ukipanda humo na hiyo tiketi unapigwa faini. Inahesabu mwezi wa kalenda, na ni ya kujiandikisha, inajilipa yenyewe kila mwezi, kwa hiyo ukichukua ya Januari uifute kabla au ifikapo tarehe 10 Januari, ukichelewa Februari wanakukata wakati wewe uko Kigoma unakula migebuka.

Chakula weka yuro 10 kwa siku, nunua mkate, jibini, mayai, ndizi kwenye maduka kama Aldi na Lidl. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, nunua Jumamosi. Maji ya bomba yanakunywika, usinunue, na ukinunua chupa ya plastiki usiitupe, ukiirudisha dukani unapewa senti 25. Hosteli za Jugendherberge nyingi hazina jiko la wewe kupika, ila shiba asubuhi, na beba chupa ya chai, ile ya kutunza moto, ijaze kila asubuhi. Ukitaka kubeba asali ya Tabora ya kutia humo, kilo mbili ndo mwisho unaoruhusiwa kuingia nao Ulaya. Nyama na maziwa usibebe kabisa.

Baridi. Bonde la Rhine mwezi wa kwanza linacheza kwenye sifuri mpaka nyuzi tano, usiku linashuka chini ya sifuri, theluji sio nyingi, tatizo ni unyevu, mvua nyembamba ya siku nzima na upepo wa mtoni. Watu wa kwetu wanadhani dawa ni koti moja kubwa. Sio. Vaa kwa tabaka, ya ndani iwe ya kubana na isiwe pamba, maana utapanda mlima utatoka jasho, pamba ikilowa inabaki imelowa na hapo juu mnarani ndo unaganda. Juu yake sweta la sufu, na mwisho koti linalozuia upepo na mvua. Na hivi vyote usinunue Ulaya, nenda mitumbani hapo Mwanga, makoti ya winta yanalala chini ya rundo maana nani atayataka Kigoma zaidi ya bodaboda wa alfajiri, utapata kwa bei ya kucheka. Soksi za sufu, kofia inayofunika masikio, glavu, na vazelini ya midomo na mikono. Kitu pekee cha kutumia hela ni viatu, soli yenye meno, maana mawe ya njia za ngome yakiganda ni sabuni tupu. Na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, betri inazima kwenye baridi hata ikiwa na asilimia arobaini.

Hapa pia kuna jambo la mwanga. Kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili na usiku vivyo hivyo mwaka mzima, kule katikati ya Januari linachomoza saa mbili na dakika ishirini hivi asubuhi na saa kumi na moja kasoro jioni limezama. Ngome nyingi zinafunga saa kumi. Kwa hiyo ni ngome moja kwa siku, mbili kama zimekaribiana, ukijaza tatu utaona moja na giza mbili. Ratiba zao zinahesabu kuanzia usiku wa manane, 16:00 ni saa kumi yetu ya jioni.

Kabla hujaenda mbali, siku ya kwanza jaribu miguu yako hapohapo Bonn. Godesburg iko ndani ya mji, ilianza kujengwa 1210 na kulipuliwa 1583. Ng'ambo ya mto, mji wa Königswinter, kuna Drachenfels, gofu juu ya kilima cha mita 321, tramu namba 66 inakufikisha chini na tiketi yako ileile, unapanda kwa miguu, hamna geti wala kiingilio, na mawe ya mlima huo ndo yalijenga sehemu ya kanisa kuu la Cologne. Katikati ya njia utapita kasri lenye minara mingi la Drachenburg, la miaka ya 1880, la tajiri wa soko la hisa, lipigie picha kwa nje uendelee.

Ukiwa Mkristo, na hela imebaki, na unataka siku mbili za mbali, badala ya Bavaria nenda Wartburg, Eisenach. Martin Luther alijificha humo kuanzia Mei 1521, na winta hiyo akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa wiki kumi na moja hivi. Chumba chake kipo, na ngome iko wazi winta.

La mwisho ni karatasi, na hili lifanye kabla hujaondoka. Visa ya Schengen ina tarehe za kuanzia na kuisha, halafu ina idadi ya siku, ni vitu viwili tofauti, na vyote viwili vinakufunga. Ukiomba visa ya miezi miwili ya kozi peke yake watakupa siku za kozi, hizo wiki mbili zitakuwa hazimo. Ueleze kwenye ombi kwamba unabaki kutembea mpaka tarehe ya tiketi ya ndege, na bima ya safari, ile ya yuro 30,000, ifike mpaka siku hiyohiyo. Jumla isizidi siku 90. Ukishapata nafasi ya ubalozini niambie, nikutumie mfano wa barua ya Kijerumani ya kuwaandikia wa Bacharach.